Nadharia za kitaasisi kwenye sera za umma: tuzipime kwenye kilula cha maji

FundiSera (mwanzisha uzi)

Wakuu, tasnifu nyingi za sera za umma zina ugonjwa mmoja. Sura ya pili inataja nadharia za kitaasisi tatu au nne, majina makubwa yote yamo, halafu data zikifika hakuna hata moja inayorudi. Mwandishi anaishia kuandika "utekelezaji ulikuwa hafifu kutokana na udhaifu wa taasisi". Sentensi hiyo haisemi ni kanuni gani, inamhusu nani, na ilikwama wapi.

Tuzijaribu kwenye kitu kinachoshikika: mradi wa maji wa kijiji, Tanzania. Pampu, tangi, bomba, vilula kadhaa (vituo vya kuchotea maji), mhudumu anayechotesha na daftari lake.

Msingi kwanza. Tukisema taasisi hapa tunamaanisha kanuni zinazoongoza mwenendo, zilizoandikwa na zisizoandikwa. RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini), halmashauri na serikali ya kijiji ni mashirika yanayocheza ndani ya kanuni hizo. Douglass North alitenganisha mambo haya mawili mwaka 1990, na mpaka leo ndipo wengi wanapoteleza: wanahesabu mashirika wakidhani wamechambua taasisi.

Mwaka 1996 Peter Hall na Rosemary Taylor walizigawa shule (mikondo ya fikra) za utaasisi mpya katika makundi matatu. Ya kwanza inamwona mtu kama mpigaji hesabu: kanuni zikibadilisha faida na hasara, naye anabadilika. Ya pili, ya kihistoria, inauliza uamuzi wa zamani ulifunga milango gani. Ya tatu, ya kisosholojia, inasema watu hufanya kinachoonekana kufaa kwa mtu wa nafasi yao, hata pale hesabu inapokataa. Vivien Schmidt baadaye akaongeza ya nne, inayotazama hoja na lugha ambazo watunga sera hutumia kushawishiana na kuushawishi umma.

Mzipime kwa tukio moja. Bibi kizee amekuja na ndoo, hana hela, mhudumu anamwachia achote bure. Shule ya kwanza itauliza: nani anabeba hasara? Kama mhudumu analipwa mshahara, msamaha haumgharimu kitu, kwa hiyo tukio halithibitishi lolote. Kama analipwa asilimia ya mauzo, kila ndoo ya bure inatoka mfukoni mwake. Akiendelea kusamehe hata hapo, shule ya tatu inaanza kuwa na nguvu: kumnyima mzee maji hakufai. Kwa hiyo kabla hujaandika "kaida za jamii", nenda kaulize mhudumu analipwaje. Bila jibu hilo huwezi kuzitenganisha nadharia hizi mbili.

Karibuni, ila tafadhali kila hoja ije na ushahidi wake.

---

Daftari

Mkuu FundiSera umeanza vizuri. Niongezee upande wa namba, maana watu wa taasisi wanaziogopa.

Vigezo vya huduma ya maji vijijini vinajulikana: lita 25 kwa mtu kwa siku, umbali usiozidi mita 400, kilula kimoja kwa watu 250. Kijiji cha watu 2,000 kinahitaji vilula 8 na lita 50,000 kwa siku, yaani ndoo 2,500 za lita 20. Hiyo ni karatasi. Mauzo halisi huwa chini ya hapo, na masika yanashuka zaidi kwa sababu watu wanakinga ya mvua. Ukipanga bajeti ya matengenezo kwa ndoo 2,500 kila siku ya mwaka umeshajidanganya.

Sasa ushahidi. Tuseme dira ya maji kwenye kilula imesogea lita 6,000 kwa siku na bei ni shilingi 50 kwa ndoo. Ndoo 300, kwa hiyo 15,000. Daftari linaonyesha 9,500. Pengo ni 5,500, sawa na ndoo 110. Mchambuzi mvivu anaandika "ubadhirifu". Lakini pengo hilo linaweza kuwa na vyanzo vinne tofauti: bomba linavuja baada ya dira, kuna misamaha (wazee, zahanati, shule) isiyoandikwa, kuna mkopo, mtu anachota leo analipa akiuza mazao, au hela imeliwa kweli. Kila chanzo kinaita maelezo tofauti, na cha kwanza hakihitaji nadharia ya taasisi hata kidogo, kinahitaji fundi bomba.

Namna ya kuvitenganisha: funga koki zote usiku, soma dira, soma tena alfajiri. Ikiwa imesogea, kuna mvujo. Halafu linganisha pengo la mwezi wa mavuno na la mwezi wa njaa. Pengo la mkopo hupanda na kushuka kwa msimu na sehemu yake hurudi. La wizi halirudi.

---

WakiliWaKijiji

Nakuja na maandishi yenyewe, maana kabla ya kulaumu utekelezaji lazima tuone kanuni inasemaje.

Sue Crawford na Elinor Ostrom, mwaka 1995, walitoa sarufi ya taasisi. Kila tamko la kitaasisi livunje vipande vitano: nani; lazima, ruksa au marufuku; afanye nini; lini na katika hali gani; la sivyo nini. Likiwa na vyote vitano ni kanuni. Likikosa "la sivyo" ni kaida. Likikosa pia "lazima/ruksa/marufuku" ni mkakati tu, mazoea ambayo watu wanayafuata kwa sababu wengine wanayafuata.

Jaribuni kwenye sentensi ya aina inayojaa katika sheria ndogo: "Ada za maji zitakusanywa na kuwekwa benki." Nani anakusanya? Hayupo, kauli ya kutendwa imemficha. Lini anapeleka benki? Hakuna. Asipopeleka je? Kimya. Hiyo si kanuni. Huwezi kumwajibisha mtu nayo, na mkutano mkuu ukimuuliza mweka hazina atajibu kwamba jukumu halikuwa lake, na atakuwa sahihi.

Iandikwe hivi: "Mweka hazina lazima apeleke benki makusanyo yote kila Ijumaa, asipofanya hivyo wiki mbili mfululizo kwa sababu isiyokubaliwa na kamati, anasimamishwa na mkutano mkuu unaofuata unachagua mwingine." Ndefu, lakini vipande vyote vipo.

Angalizo kwa wanaosimba nyaraka zetu, yaani kuipa kila sentensi alama ya uchambuzi: "atawasilisha taarifa" kwenye sheria ni wajibu, ingawa kwenye maongezi ni habari ya wakati ujao. Waandishi wawili wakisimba nyaraka moja bila kukubaliana juu ya hilo, matokeo yao hayataoana. Simbeni sentensi 30 za kwanza kila mtu kivyake, mlinganishe, mtatue tofauti, ndipo muendelee.

Na jambo jingine ambalo watu wanaliruka. Halmashauri ya kijiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982, lakini lazima wananchi wapewe nafasi ya kutoa maoni mkutanoni na halmashauri ya wilaya iidhinishe. Vijiji vingi huishia kwenye muhtasari wa kikao. Faini inayotozwa kwa muhtasari huo inalipwa na mnyonge tu. Mwenye ng'ombe wengi anagoma, na mkimpeleka Mahakama ya Mwanzo hamna cha kushika. Kwa hiyo "la sivyo" ipo kwenye karatasi na haipo kijijini.

---

Mfongo

Nakupingeni wote kidogo. Mmeanza kumtaja Ostrom na najua kinachofuata: mtu atabandika kanuni zake nane za usanifu kwenye kilula na kuzipigia tiki. Si pahali pake.

Ostrom alichambua rasilimali ya pamoja, ile ambayo kumzuia mtu ni vigumu na anachotoa mmoja kinampungukia mwingine. Malisho ya Törbel kule Uswisi, mifereji ya Valencia, zanjera (vyama vya umwagiliaji) za Ufilipino. Kilula chenye koki, dira na mhudumu kinazuia vizuri sana: huna hela, huchoti. Tatizo lake ni la utoaji wa huduma na matengenezo, nani anamsimamia nani. Rasilimali ya pamoja kwenye mradi huo iko chini ya ardhi, ni maji ya kisima chenyewe, na humo ndimo mashamba ya umwagiliaji ya jirani yanapoingia na pampu zao.

Kama mnataka Ostrom, nendeni kwenye mifongo (mifereji ya asili) ya Kilimanjaro au ndiva (mabwawa madogo ya umwagiliaji) za Upare. Kule kuna kila kitu: zamu za maji kati ya wa juu na wa chini, kazi ya kusafisha mfereji kama sharti la kupata zamu, mtu wa kulinda lango, adhabu inayoanza ndogo na kupanda kwa mkosaji sugu. Sehemu inayovunjika ni ile ya saba kwenye orodha yake, haki ya wanajamii kujipangia kutambuliwa na dola. Mfereji uliosimamiwa na ukoo kwa vizazi unaambiwa uunde jumuiya, uombe kibali cha kutumia maji na ulipe ada ya bodi ya bonde la maji. Wazee wa mfereji wanabaki kugawa maji, viongozi waliosajiliwa wanasaini barua. Yakitokea magomvi kila upande una karatasi au una heshima, hakuna mwenye vyote viwili.

Frances Cleaver, aliyefanyia utafiti Usangu, ana neno lake kwa hali hiyo: watu huungaunga taasisi kutokana na vipande vilivyopo, vya ukoo, vya serikali, vya dini. Kwa mazingira yetu naona anaeleza zaidi kuliko zile nane.

---

FundiSera

Mfongo, umenisahihisha na nimekubali. Ukishajua ni aina gani ya bidhaa ndipo uchague nadharia. Ila usimtupe Ostrom wote; aina zake saba za kanuni zinafanya kazi popote, hata kwenye kilula: nafasi, mipaka, yanayoruhusiwa kutendwa, namna ya kuamua kwa pamoja, taarifa, malipo, na matokeo yanayokubalika. Kwa maji vijijini, tazameni ya taarifa kwanza. Nani anaruhusiwa kuona salio la benki? Kama ni watia saini tu, mkutano mkuu unapiga kura gizani, na kanuni nyingine sita hazitaziba tundu hilo.

---

BintiMlalo

Shikamooni wakubwa. Nataka kugusa shule ya kihistoria, maana naona inatumiwa ovyo.

Simulizi iliyozoeleka ni hii: mwaka 1971 serikali ilianzisha programu ya miaka 20 ya maji vijijini, lengo kila mwananchi awe na maji ndani ya mita 400 ifikapo 1991, na huduma ikawa ya bure. Sera ya Maji ya 1991 ikaanza kuzungumzia uchangiaji, ya 2002 ikaweka wazi kwamba watumiaji watabeba gharama za uendeshaji na matengenezo. Watu wakawa wagumu kulipa. Hitimisho la wanafunzi: "utegemezi wa njia, wananchi walizoea bure", yaani uamuzi wa zamani unaendelea kuwabana.

Hapo hakuna uchambuzi. Paul Pierson, mwaka 2000, alidai kitu kigumu zaidi: lazima uonyeshe utaratibu unaofanya kugeuka kuwe ghali kadiri muda unavyokwenda. Gharama ya kuanzia iliyokwishazama, ujuzi uliojengeka, watu kutegemeana, matarajio. Kipi kati ya hivyo kilifanya kazi? Na kuna ushahidi unaopingana nayo waziwazi: haohao wanaoitwa wamezoea bure wananunua dumu la muuza maji wa baiskeli kwa bei mara kadhaa ya ile ya kilula. Wanalipa. Wanachokataa kulipia ni kilula kinachotoa maji siku mbili na kukauka siku tano.

---

Daftari

Hapo umegonga penyewe, dada. Na inapimika. Chukua vijiji vilivyokuwa na mradi wa bure kabla ya 1991 na vile vilivyopata mradi wa kwanza baada ya 2002, vyote vikiwa na chanzo cha aina moja na nishati ya aina moja. Kama mazoea ndiyo tatizo, kundi la kwanza litalipa kidogo zaidi hata pale maji yanapotoka kila siku. Kama ni ubora wa huduma, tofauti itafuata siku za maji kutoka, na historia haitaongeza kitu. Msichanganye mserereko (maji yanayoshuka yenyewe bila pampu) na pampu ya dizeli kwenye kundi moja. Mserereko unaweza kuishi na makusanyo madogo miaka mingi, dizeli haiwezi wiki mbili.

---

KauntiYetu

Salamu kutoka Kenya. Huku tuna mfano mzuri wa mabadiliko ya polepole ambayo James Mahoney na Kathleen Thelen waliyaainisha mwaka 2010: kung'oa ya zamani, kuweka tabaka juu yake, kuiacha ipitwe na hali, au kuigeuza kwa kazi nyingine.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, iliwapa kaunti huduma za maji na usafi. Sheria ya Maji ya 2016 ikaja kuioanisha sekta na katiba hiyo, lakini ikabakiza mashirika ya kitaifa ya kuendeleza miundombinu ya maji, yaliyorithi nafasi ya bodi za zamani za sheria ya 2002. Tabaka juu ya tabaka. Kaunti inadai miundombinu ni yake, shirika la kitaifa linashikilia mikopo ya ujenzi, na kampuni ya maji iko katikati. Ukimwuliza mwananchi bomba kuu likipasuka nani mwenyewe, atakujibu kwa jina la mwanasiasa.

Swali langu kwa Watanzania: RUWASA ni kung'oa au ni tabaka?

---

WakiliWaKijiji

Swali zuri, ndugu. Jibu linategemea umesimama ngazi gani.

Kabla ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019, mhandisi wa maji wa wilaya alikuwa chini ya halmashauri. Mkurugenzi alikuwa bosi wake, madiwani walimhoji kwenye baraza. Tangu Julai 2019 kazi hiyo iko RUWASA, mstari wa taarifa unakwenda mkoani, makao makuu na Wizara ya Maji. Kwa ngazi ya wilaya huko ni kung'oa kwa dhahiri: diwani anaweza kumwalika meneja barazani, hawezi kumwajibisha kama zamani. Kwa upande mwingine fedha na ufundi vimekaa chini ya paa moja.

Kijijini ni tabaka. Sheria Na. 12 ya 2009 ilikuwa imeunda jumuiya za watumia maji. Ile ya 2019 ikaja na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambavyo chombo kimoja kinaweza kuhudumia vijiji kadhaa. Serikali ya kijiji haikuondoka. Mwenyekiti wa kijiji ndiye anayefuatwa usiku koki ikivunjika, japo akaunti haiko mikononi mwake. Chombo kikiunganisha vijiji vinne, makusanyo ya kijiji chenye watu wengi yanatengeneza pampu ya jirani. Kwa mhasibu hilo ni kugawana hatari, na ni busara. Kwa mwanakijiji aliyezoea mfuko wa maji wa kijiji chake ni kunyang'anywa.

---

FundiSera

Na ile ya kupitwa na hali inaonekana kwenye bei ya ndoo. Mkutano mkuu ulipitisha shilingi kadhaa mwaka fulani, kanuni haijaguswa, hakuna aliyeivunja, huku dizeli, umeme na vipuri vikipanda. Kanuni ileile inaleta matokeo mengine. Ndiyo maana kusoma sheria peke yake hakutakuonyesha badiliko. Lazima uweke bei ya ndoo kando ya gharama ya kusukuma lita elfu moja, mwaka kwa mwaka.

Kuna na kuiga umbo. DiMaggio na Powell, 1983, walieleza mashirika yanavyofanana kwa kulazimishwa, kwa kuiga na kwa taaluma. Mfadhili au wizara ikitaka kamati, katiba na mihtasari, vitapatikana. Dalili iko kwenye faili: mihtasari ya miezi sita, mwandiko mmoja, wino mmoja, wahudhuriaji walewale kwa mpangilio uleule. Usimlaumu katibu, umbo ndilo lililoombwa, na umbo ndilo alilotoa.

Upande wa Schmidt nitausema kwa kifupi. Kaulimbiu ya "kumtua mama ndoo kichwani" ina nguvu kisiasa kwa sababu kila mtu anaiona picha. Ila inavuta kipimo kwenye umbali wa kilula, na bajeti inafuata kipimo. Siku ambazo koki ilitoa maji hazina kaulimbiu.

---

Mgeni_Jukwaani

Wakuu, mwanafunzi mwenye wiki tatu tu za kukusanya data aanzie wapi? Nadharia zote hizi hazitaenea.

---

Daftari

Chukua vijiji vinne, viwili vyenye maji muda mwingi na viwili visivyo, chanzo na nishati vifanane. Zaidi ya hapo wiki tatu hazitoshi.

Siku ya kwanza ya kila kijiji usihoji mtu. Omba vitu: sheria ndogo au katiba ya chombo, daftari la makusanyo la miezi 12, usomaji wa dira, taarifa ya benki, mihtasari, hati za malipo ya matengenezo ya mwisho. Kisichopatikana kiandike kwamba hakikupatikana, na nani alitajwa kuwa anacho. Kama malipo yanapita kwa kontrol namba, omba orodha ya miamala na uilinganishe na daftari la kilula. Hatua kati ya hela mkononi kwa mhudumu na hela kwenye mfumo ndiyo isiyo na shahidi.

Ndipo uhoji, na uliza tukio la mwisho, usiulize kwa ujumla. "Matengenezo yanasimamiwaje?" itakupa kanuni iliyoandikwa, kwa ufasaha. "Pampu ilipokufa mara ya mwisho, nani alipigiwa simu kwanza? Akapiga kwa nani? Hela ilitoka wapi? Ilichukua siku ngapi?" itakupa kanuni inayotumika. Uliza watu watatu mbalimbali: mhudumu, mjumbe wa kamati, na mchotaji asiye kiongozi. Majibu yakitofautiana, tofauti hiyo ni data, usiisawazishe.

---

BintiMlalo

Na kabla hajaenda aandike kila nadharia inatabiri nini kwenye vijiji hivyo vinne, na nini kikionekana kitaipinga. Nadharia mbili zikitabiri kitu kilekile, aache moja.

---

Mfongo

Pia asihoji mwenyekiti na mhudumu wakiwa wamekaa benchi moja.

---

Mgeni_Jukwaani

Ahsanteni. Na kama chombo kinakataa kutoa taarifa ya benki?

---

WakiliWaKijiji

Tazama katiba yao inasema nani ana haki ya kuiona. Ikisema wanachama wote, mwombe mwanachama aiulize kwenye mkutano mkuu, wewe ukae nyuma uandike kinachojibiwa. Ikinyamaza, umeshapata kanuni ya taarifa uliyokuwa unaitafuta.